Ukisema Wimbo Ni Dhaifu, Tuoneshe Mahali

Watu wa Tanga hubishania muziki kwa raha ile ile wanayobishania mpira, na mara nyingi katika benchi lile lile. Ikishaswaliwa magharibi, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hujaa, na kama siku hiyo hakuna mechi ya Coastal Union wala ya African Sports ya kuzungumzia, hakosekani mtu wa kuchokoza: katika albamu za mwimbaji fulani, wimbo upi unazipita nyimbo zote, na upi haukustahili hata kuwamo? Swali hilo likishatupwa barazani, kahawa itanyweka mpaka dele likauke. Nimekaa katika mabishano ya namna hiyo tangu enzi za kanda, na kwa kipindi fulani nilikuwa na meza yangu ya kuwarekodia watu nyimbo, kwa hiyo nimeyasikia pia kutoka kwa wateja waliokuja kutaka wimbo huu uwekwe na ule urukwe. Makala haya ni ushauri kwa wanaoyapenda mabishano hayo, lakini wamechoka kuona kila mmoja akirudia jina la wimbo wake kwa sauti ya juu zaidi kuliko mwenzake, mpaka muuza kahawa anapokusanya vikombe.

Ushauri wangu wa msingi ni huu: usitoe, wala usikubali kutoka kwa mwenzako, hukumu yoyote juu ya wimbo ambayo haiwezi kuoneshwa mahali ndani ya wimbo wenyewe. Anayesema wimbo fulani ndio ulioibeba albamu ataje ubeti, ataje dakika, ataje ala inapoingia au sauti inapopanda, nasi tuusikilize pamoja naye. Anayesema wimbo mwingine umeiangusha albamu afanye vivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kumshusha mtu aliyekaa studio usiku kucha ni jambo rahisi kwa aliyekaa kwenye benchi na kikombe mkononi.

Niliona nguvu ya kanuni hiyo jioni moja, pale kijana mmoja, fundi baiskeli, alipoutaja wimbo wa nne katika albamu ya kikundi cha taarabu ya kisasa, ambacho sitakitaja kwa jina, akasema kuwa ni mbovu na unachosha. Karibu yetu alikuwa amekaa bibi mmoja ambaye ujanani alikuwa mwitikiaji katika kikundi cha taarabu hapa mjini. Akamuuliza kwa upole:

"Mwanangu, unachosha wapi?"

"Wote, bibi."

"Wote hauwezi kuchosha, maana ulianza kuusikiliza. Ulichoka ukiwa umefika wapi?"

Kijana alitoa simu, akauweka wimbo, nasi tukanyamaza. Beti mbili za kwanza zilipita bila ya yeye kusema neno, na nadhani alianza kuona haya, kwa sababu zilikuwa beti nzuri. Baada ya ubeti wa tatu, kinanda kilishika nafasi, kikarudia mpigo ule ule uliokwisha kusikika kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, kikaurudia tena, na mara ya tatu yule kijana akainua kidole: "Hapa." Bibi akakubali kwa kichwa. Akasema kuwa basi mwimbaji hana kosa, wala mtunzi wa shairi hana kosa. Aliyeuchosha wimbo ni mpiga kinanda aliyejaza nafasi.

Mjadala ulianza hasa baada ya hapo. Mzee mmoja alikumbusha kuwa ukumbini nafasi ile haiwi tupu, kwa kuwa huo ndio wakati ambao watu huinuka kwenda kutunza: mama aliyeguswa na ubeti hutoka kwenye kiti chake taratibu, noti ikiwa juu ya vidole, akapita makusudi mbele ya yule anayemkusudia, akamfikia mwimbaji, akacheza kidogo, akarudi. Kinanda hakina budi kumsubiri. Ndani ya kanda hakuna mama wala noti, kumebaki kinanda peke yake kikizunguka. Kwa hiyo udhaifu aliouona fundi baiskeli ulikuwapo kweli, lakini haukuwa ule alioutaja. Ulikuwa ni udhaifu wa kuuchukua wimbo wa ukumbini na kuuingiza kwenye albamu bila kuupunguza. Kwa swali moja la "wapi", watu waliokuwa wakibishana kama wimbo ni mzuri au mbaya walijikuta wakizungumzia jinsi wimbo unavyotengenezwa, jambo ambalo lina faida hata kwa asiyeupenda wimbo wenyewe.

Kutoka hapo naingia katika jambo ambalo wasikilizaji wa taarabu wanapaswa kulizingatia kuliko wengine, nalo ni kuwa wimbo mmoja huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Katika taarabu ni kawaida kabisa shairi liwe la mtu mmoja, sauti yake, yaani mahadhi, itiwe na mwingine, na wa tatu ndiye aimbe. Bi Shakila, aliyeimba na kikundi cha Black Star hapa Tanga, kisha Lucky Star, kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuwa na JKT Taarab, anatajwa barazani kana kwamba kila kilichotoka kinywani mwake kilikuwa chake mwanzo hadi mwisho. Sisemi hivyo ili kumpunguzia heshima. Nasema hivyo kwa sababu tangu alipofariki mwezi Agosti 2016 nimesikia mara nyingi mabishano juu ya nyimbo zake "dhaifu" ambayo, ukiyachunguza, ni mabishano juu ya mashairi: vina vilivyolazimishwa, mizani iliyopungua mpaka mwimbaji akalazimika kuvuta silabi, fumbo lililofunguka mapema mno. Kwangu mimi, wimbo wenye shairi la kawaida ambalo mwimbaji amelinyanyua mpaka likasikika kama kitu kipya ni ushahidi wa nguvu ya mwimbaji, na sioni kwa nini uwekwe katika orodha ya nyimbo zake hafifu. Ninapokaa na watu kuzipanga nyimbo za mwimbaji wa taarabu, huwaomba waseme kwanza wanapima nini: shairi, sauti iliyotiwa, uimbaji, au upigaji. Mara nyingi hugundulika kuwa watu wawili waliokuwa wakikaribia kushikana mashati walikuwa wakikubaliana, ila mmoja alikuwa akilisifu shairi na mwenzake akiulaumu upigaji.

Kwa taarabu ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970, kipengele cha upigaji kinastahili kupewa uzito wa peke yake. Vikundi vya hapa havikuwa na safu ndefu ya fidla kama vile vya Unguja. Vilijenga muziki wao juu ya gitaa la umeme, gitaa la besi, akodiani na ngoma ndogo, na ndiyo sababu nyimbo zao zinasikika nyepesi miguuni na zenye nafasi wazi. Anayezipima kwa kipimo cha okestra ya Unguja atasema nyingi zina upungufu. Huyo ameutafuta utamu mahali ambapo wenyewe hawakukusudia kuuweka. Aelekeze sikio kwenye gitaa la besi, aone linavyosemezana na sauti ya mwimbaji, kisha ndipo aseme.

Nimetumia neno albamu kana kwamba linajulikana, na hapo pana mtego mkubwa kwa wanaopenda kulinganisha nyimbo za zamani. Vikundi hivyo vya Tanga vilirekodi sahani ndogo za santuri, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, au wimbo mmoja uliokatwa katikati na kuendelezwa upande wa pili. Hakuna aliyekaa akazipanga nyimbo kumi zifuatane ili zisikilizwe kwa mkao mmoja. Mkusanyo unaoitwa Nyota, wenye nyimbo za Black Star na Lucky Star, ulitolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka mingi baada ya nyimbo zenyewe kurekodiwa. Ukisema wimbo fulani ndani ya mkusanyo wa namna hiyo haukustahili kuwamo, unamlaumu aliyekusanya, na unaweza kuwa na haki kabisa ya kumlaumu, lakini usimbebeshe mwimbaji mzigo huo.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyimbo za dansi. Tanga ilikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wapo wazee ambao mpaka leo ukitaja moja mbele ya mpenzi wa nyingine itakubidi uagize kahawa ya pili. Nyimbo nyingi za dansi za zama zile zina sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, ambamo hadithi inasimuliwa, na ya pili ambamo magitaa yanachukua usukani na watu wanacheza. Kijana anayezisikiliza leo kwenye simu huacha wimbo kabla ya sehemu ya pili, kisha anasema umepoa. Kwa santuri, sehemu ya pili mara nyingi ilikuwa ng'ambo ya sahani, na ilimbidi mtu ainuke akaigeuze. Aliyeigeuza alikuwa ameamua kuisikiliza. Anayetaka kuhukumu wimbo wa Jamhuri au wa Atomic, au wa ndugu wale wa Kinyonga waliotoka Jamhuri na hatimaye wakafika Nairobi na Simba Wanyika, na asikilize mpaka gitaa la mwisho linyamaze.

Albamu kwa maana ya nyimbo zilizokusudiwa kukaa pamoja ilitufikia wengi wetu kwa njia ya kanda. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na kwa kuwa wimbo wa taarabu ya kisasa unaweza kwenda dakika 10 hadi 15, upande mmoja ulibeba nyimbo mbili au tatu, na albamu nzima ikawa na nyimbo nne, tano au sita. Hesabu hiyo ina maana kubwa katika mabishano yetu. Katika albamu ya nyimbo nne, wimbo mmoja ulioharibika ni robo ya kazi nzima, na hakuna pa kuuficha. Katika albamu ya Bongo Fleva yenye nyimbo 15 au zaidi, ambazo kila moja ina dakika tatu au nne, mwimbaji anaweza kuwa na nyimbo mbili hafifu na msikilizaji asihisi hasara. Kwa hiyo siafiki kulinganisha albamu za waimbaji wa aina hizo mbili kwa kuhesabu nyimbo mbaya. Tena katika albamu nyingi za vikundi vya taarabu kila wimbo huwa na mwimbaji wake, na kusema "albamu ya fulani" wakati huyo fulani ameimba wimbo mmoja tu ndani yake ni chanzo cha ugomvi ambao haukuwa na sababu ya kuwapo.

Kanda ilikuwa na jambo lingine ambalo nalikumbuka kwa mapenzi. Kuruka wimbo kulikuwa na gharama, kwa sababu kupeleka kanda mbele kwa redio kulimaliza betri, na mwenye kubana matumizi alichomeka kalamu ya wino katika tundu la kanda akaizungusha kwa mkono mpaka akadhani amefika. Wengi waliona afadhali kuuacha wimbo wasioupenda upite. Ukipita mara nyingi, masikio hujikuta yanaujua, na nimewaona watu waliouchukia wimbo wa mwisho wa upande wa pili wakaja kuuimba wote kwa kichwa. Leo wimbo hurukwa kwa kidole kabla mwimbaji hajavuta pumzi ya kwanza. Namshauri yeyote anayetaka kuupa wimbo jina la dhaifu aurudishe kwanza katika hali ile ya kanda: auache upite, aendelee na kazi zake, aukute tena siku nyingine, ndipo atoe neno. Si kwamba kila wimbo utapendeza kwa kuzoewa; kuna nyimbo ambazo nimezizoea kwa miaka na bado naziona zimejaza nafasi. Lakini walau nazijua.

Sasa nieleze kipimo ninachokitumia mwenyewe, ambacho ni chepesi na hakihitaji elimu ya muziki. Wimbo wenye nguvu kuliko zote katika albamu ni ule ambao ukiuondoa, nyimbo zilizobaki zinabadilika maana au zinapungukiwa. Wimbo dhaifu kuliko zote ni ule ambao ukiuondoa, zilizobaki zinasikika vizuri zaidi. Simu za leo zinaruhusu mtu kupanga orodha yake, kwa hiyo usiishie kuwaza; panga albamu bila wimbo huo, isikilize mwanzo hadi mwisho, kisha uniambie. Utashangaa. Mara nyingi wimbo uliodhaniwa kuwa mzigo ulikuwa ukifanya kazi ya kupumzisha masikio kati ya nyimbo mbili nzito, na ukiutoa zile nzito zinagongana, kila moja inaififisha mwenzake. Mara nyingine wimbo uliotamba redioni kuliko wote unaweza kutolewa na albamu isidhurike hata kidogo, kwa sababu uliingizwa ndani yake kwa kuwa ulikwisha kupata jina, si kwa kuwa una udugu na wenzake.

Hapo nagusa upendeleo ambao uko katika masikio yetu sote. Wimbo uliotangulia kutoka, ukapewa video, ukapigwa redioni kwa miezi, huingia katika mabishano ukiwa na faida ambayo nyimbo nyingine za albamu hiyo hazina: tumeusikia mara nyingi zaidi, na binadamu hupenda anachokifahamu. Idadi ya watazamaji katika YouTube haituambii wimbo upi una nguvu. Inatuambia upi ulipewa video, upi ulitangulia, na upi una mwaka mmoja zaidi wa kuhesabiwa. Sikatai hesabu hizo zitajwe, ila zisiletwe kufunga mjadala. Na upo upande wa pili wa jambo hilo, kwa maana wimbo uliopigwa kupita kiasi huchuja, na watu wakauweka katika orodha ya nyimbo dhaifu kwa sababu tu wamechoshwa nao harusini. Wimbo kuchuja masikioni mwako ni habari yako wewe na harusi ulizohudhuria. Haimaanishi kwamba ulitungwa vibaya.

Redio nayo ina lake katika taarabu. Kwa kuwa nyimbo ni ndefu, watangazaji wengi huzikata kabla hazijaisha, na kinachopotea ni beti za mwisho, ambamo mtunzi, kwa desturi ya ushairi wetu, hufunga maneno yake na mara nyingi huligeuza fumbo lote. Nimewahi kubishana na mtu aliyeshikilia kuwa wimbo fulani ni wa kumsimanga mwanamke mwenzake, kumbe hakuwahi kusikia kaditama, ambako mwimbaji anageuka na kujisimanga mwenyewe. Tulipousikiliza mpaka mwisho alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa hata hivyo kinanda hakimfurahishi. Nilimkubalia, alikuwa ametaja mahali.

Kuhusu vyombo vya kusikilizia nitasema kwa kifupi, kwa sababu kila mtu anasikiliza kwa alichonacho. Spika ya simu haitoi besi, na anayehukumu mpangilio wa muziki kwa spika ya simu amehukumu nusu ya muziki. Kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilirekodiwa kutoka nyingine, hupoteza sauti za juu na kuongeza mvumo, na zipo nyimbo nzuri zilizopata sifa mbaya kwa sababu ya nakala za namna hiyo, zikiwamo, bila shaka, zilizotoka kwenye meza kama yangu. Na mnapolinganisha nyimbo mbili kijiweni, hakikisheni sauti zake zinalingana kwa ukubwa, maana nyimbo za miaka ya karibuni hurekodiwa kwa sauti kubwa kuliko za zamani, na sikio hudanganyika kwa urahisi, likaona inayosikika kwa nguvu ndiyo bora.

Ugumu huongezeka pale mwimbaji anapokuwa na albamu nyingi zilizotandazwa katika miaka mingi. Chukua mfano wa Lady Jaydee, ambaye kati ya Machozi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Woman ya mwaka 2017 ametoa albamu kadhaa, zikiwamo Binti, Moto na Shukrani. Huyo ni mwimbaji anayezua mabishano matamu sana hapa kwetu, hasa kwa waliokuwa shule ya sekondari alipoanza kusikika, kwa kuwa wao wanazibeba albamu za mwanzo pamoja na ujana wao. Ukimwambia mtu wa rika hilo kuwa mwimbaji ameimarika baadaye, anahisi umeutukana ujana wake. Nisichokubaliana nacho ni kupima uzito wa mdundo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa vyombo vya mwaka 2017. Vitu vinavyoweza kulinganishwa kwa haki kati ya albamu za mtu mmoja ni vile alivyokuja navyo mwenyewe: namna anavyotamka, anavyopangilia pumzi, anavyochagua maneno, na kama anajua wakati wa kunyamaza. Kwa vigezo hivyo, ninachokipendelea ni kuuliza albamu ipi ina nyimbo chache za kujaza nafasi, badala ya kuuliza ipi ina wimbo mkubwa kuliko zote. Wimbo mmoja mkubwa unaweza kuja kwa bahati, kwa prodyuza mwenye siku nzuri au kwa kolabo iliyokubali, lakini albamu ambayo haina wimbo wa kurukwa haiji kwa bahati.

Nikigusia kolabo, niseme kuwa katika kuzipanga nyimbo za mwimbaji fulani mimi huziweka kando zile ambazo mgeni amechukua zaidi ya nusu ya wimbo. Wapo wasiokubaliana nami, na hoja yao ni ya maana: kumchagua mgeni na kumwachia nafasi ni sehemu ya ufundi wa mwenye albamu. Bado sijashawishika, ila sizuii mtu kuiingiza katika orodha yake mradi aseme mapema.

La mwisho ninalotaka kulisisitiza ni adabu. Mabishano juu ya wimbo dhaifu huteleza haraka mno kutoka kwenye wimbo kwenda kwenye maisha ya aliyeuimba, na kwa waimbaji wa kike huteleza haraka zaidi: ndoa yake, mavazi yake, nani alimwacha. Katika baraza letu tumekubaliana kuwa anayetaja jambo lisilosikika ndani ya wimbo amepoteza zamu yake ya kusema mpaka mwingine amalize. Haikuandikwa popote, lakini muuza kahawa ameichukua kuwa kazi yake, na akisikia mtu ameanza habari za ndoa humwambia, "Mgosi, hiyo haimo kwenye wimbo," kisha anamruka katika kugawa kahawa. Vijana nao wapewe nafasi ya kuwapinga wazee, mradi waanze kwa shikamoo na wamalizie kwa kutaja ubeti. Na wazee wasitumie umri kama hoja, kwa sababu kuwapo ukumbini mwaka 1972 kunamfanya mtu kuwa shahidi mzuri wa ukumbi, bila ya kumfanya msikilizaji mzuri wa santuri.

Ikiwa baada ya yote hayo watu wawili bado wanashikilia nyimbo mbili tofauti, msiwalazimishe kupatana. Zipigwe zote mbili mwanzo hadi mwisho, kwa spika moja na kwa sauti moja, akianza aliye mdogo kwa umri kuchagua upi utangulie, na kila mmoja aruhusiwe kuusimamisha wimbo wa mwenzake mara moja tu, kwa kuinua kidole na kusema "hapa", kisha aeleze alichokisikia.